RosterResource: zana ya shabiki ambaye timu yake imeandamwa na majeruhi

Shabiki wa besiboli ambaye timu yake imepoteza warushaji watatu kwa upasuaji wa kiwiko kabla msimu haujafika nusu hubaki na maswali mawili ambayo hayampi usingizi. La kwanza ni nani apangwe leo na apige katika nafasi ya ngapi. La pili ni kwa nini yule chipukizi anayetamba katika ligi ndogo bado hajaitwa, ilhali mzee wa miaka thelathini na mitano anaendelea kupewa nafasi kila siku na kila siku anarudi benchi mikono mitupu. RosterResource, ambayo ni sehemu ya tovuti ya FanGraphs, imejengwa karibu yote kwa ajili ya maswali hayo. Nimeitumia kwa muda wa kutosha kuwa na maoni thabiti juu yake: ni zana isiyo na mpinzani katika swali la pili na ya wastani tu katika swali la kwanza. Kinachosikitisha ni kwamba mashabiki wengi huifungua kwa ajili ya swali la kwanza.

FanGraphs ilianzishwa na David Appelman mwaka 2005 ikiwa tovuti ya takwimu, na hadi leo takwimu ndizo uti wa mgongo wake. RosterResource ilianza kama kazi ya Jason Martinez, mtu aliyekuwa akifuatilia vikosi vya klabu zote kwa uvumilivu wa karani wa benki, kabla ya kuunganishwa na FanGraphs. Kila moja ya klabu 30 za Ligi Kuu ya Marekani ina ukurasa wake. Juu kuna kikosi kinachotarajiwa, yaani wapigaji tisa kwa mpangilio wao, kisha wachezaji wa benchi, warushaji wanaoanza mechi na warushaji wa akiba. Chini yao wamo majeruhi, na chini zaidi wamo wachezaji walioko ligi ndogo, hasa daraja la Triple-A, ambalo ni hatua moja tu kabla ya ligi kuu. Mbele ya kila jina zimo taarifa ambazo mtangazaji wa mechi huzitaja kwa nadra sana: umri, mkono anaopigia au kurushia, namna klabu ilivyompata, muda wake wa utumishi katika ligi kuu, na idadi ya misimu ambayo klabu bado inaweza kumshusha daraja bila kuhatarisha achukuliwe na klabu nyingine.

Taarifa hizo mbili za mwisho ndizo zinazoipa zana hii thamani yake, na inafaa kueleza kwa nini, maana ubishi mwingi wa mashabiki huvunjika papo hapo mtu anapozielewa. Klabu huruhusiwa kuwa na wachezaji 26 katika kikosi cha mechi, ambao huongezeka hadi 28 kuanzia Septemba mosi. Hao 26 hutoka katika orodha kubwa ya wachezaji 40. Mchezaji aliye nje ya orodha ya 40 hawezi kuitwa hadi nafasi ipatikane ndani yake, na nafasi hupatikana kwa njia chache tu: kumwondoa mtu na kuhatarisha achukuliwe na klabu nyingine, kumuuza, au kumhamishia majeruhi kwenye orodha ya siku 60, ambayo haihesabiwi katika wale 40. Orodha ya kawaida ya majeruhi ni ya siku 10 kwa wapigaji na siku 15 kwa warushaji, na mchezaji aliyewekwa huko bado anahesabiwa miongoni mwa 40. Kwa hiyo klabu inaweza kuwa na majeruhi wanane na bado isiwe na pa kumweka kijana ambaye uwanja mzima unaimba jina lake.

Halafu kuna suala la kushushwa daraja. Mchezaji aliye katika orodha ya 40 anaweza kushushwa ligi ndogo katika misimu mitatu tofauti, na tangu 2022 hawezi kushushwa zaidi ya mara tano ndani ya msimu mmoja. Aliyemaliza misimu hiyo mitatu hashuki tena bila kwanza kupitishwa mbele ya klabu nyingine zote, ambazo kila moja inaweza kumchukua. Hapa ndipo siri ya yule mzee wa benchi inapofichuka. Mara nyingi sababu ya yeye kubaki haina uhusiano wowote na mapenzi ya meneja wala upofu wake: mzee hana msimu wa kushushwa uliobaki, kijana anao mitatu, na klabu inayojua kwamba majeruhi wengine watakuja haitaki kumpoteza mtu bure mwezi Mei ili imlilie mwezi Agosti. Katika ukurasa wa RosterResource jambo hilo ni tarakimu moja katika safu nyembamba, kati ya umri na muda wa utumishi. Shabiki anayeisoma tarakimu hiyo kabla ya kulalamika huwa na malalamiko mazuri zaidi.

Nimeona ni haki kuipima zana hii kwa misimu halisi iliyokwisha, ambayo matokeo yake yanajulikana, kuliko kwa mabishano ya wiki hii ambayo bado hayajaamuliwa. Baltimore Orioles ya 2024 ni kipimo kizuri kuliko vyote ninavyovikumbuka, kwa sababu ilikuwa na mambo yote mawili kwa wingi: chipukizi waliosifiwa nchi nzima na majeruhi wasiokwisha. Ndani ya wiki chache warushaji watatu, Kyle Bradish, John Means na Tyler Wells, walipotea kwa upasuaji wa kiwiko. Upande wa wapigaji walikuwapo Gunnar Henderson, aliyepiga homurani (pigo linalomwezesha mpigaji kuzunguka besi zote) 37 mwaka huo, Adley Rutschman aliyekuwa mdakaji, na Colton Cowser, aliyemaliza wa pili katika kura za mchezaji bora mpya wa American League, mojawapo ya ligi mbili zinazounda ligi kuu. Nyuma yao walipanga foleni Jackson Holliday, Coby Mayo na Heston Kjerstad, kila mmoja na kundi lake la mawakili miongoni mwa mashabiki.

Holliday alikuwa wa kwanza kuchaguliwa katika drafti ya 2022, yaani zoezi la kila mwaka ambalo klabu huchagua wachezaji wapya, akiwa mwana wa Matt Holliday aliyecheza ligi kuu kwa miaka mingi. Orioles hawakumweka katika kikosi cha siku ya ufunguzi, na kelele zilizofuata zilikuwa kubwa. Aprili 10 aliitwa. Katika zamu 34 za kupiga alipata mapigo mawili, akatolewa kwa straiki tatu mara 18, na kabla ya mwezi kwisha akarudishwa Norfolk, timu ya Orioles ya daraja la Triple-A. Wale waliokuwa wakidai aitwe walinyamaza kwa muda, kisha wengi wao wakaanza kudai kwamba ameharibiwa kwa kuitwa mapema. Julai 31 alirudi, akapiga homurani huku besi zote zikiwa zimejaa, mpira ukaangukia Eutaw Street nje ya uwanja. Katika mechi hiyohiyo Jordan Westburg, aliyekuwa miongoni mwa wapigaji bora wa timu, alipigwa na mpira mkononi, mfupa ukavunjika. Siku chache baadaye Mayo naye aliitwa, na katika mechi 17 za mwaka huo wastani wake wa kupiga ulikuwa 0.098, yaani chini ya pigo moja kwa kila zamu kumi.

Ukurasa wa RosterResource ungekusaidia nini katika sakata lile? Ungekuonyesha jambo ambalo hasira ya shabiki huliruka: kwamba kumwita Mayo hakukuwa na maana ya kumwongeza Mayo, bali kuchagua nani apungue, na kwamba besi ya kwanza na ya tatu tayari zilikuwa na watu waliokuwa wakipiga vizuri kuliko yeye kwa wakati ule. Ungekuonyesha pia kwamba tatizo kubwa la Orioles lilikuwa kwenye warushaji, ambako foleni ya vijana ilikuwa fupi, wakati mjadala wote ulihusu wapigaji, ambako foleni ilikuwa ndefu. Kuona upungufu na utajiri wa klabu katika ukurasa mmoja, nafasi kwa nafasi, ni huduma ambayo orodha ya majina kwenye tovuti rasmi ya ligi haiwezi kuitoa. Ubishi unaohama kutoka "mleteni kijana" kwenda "tunaye nani wa kumbadilisha na mrushaji" ni ubishi uliopiga hatua.

Kitu ambacho ukurasa usingekuonyesha ni kwamba Holliday angepata mapigo mawili katika 34. Hakuna zana ingeweza, na silaumu. Nalaumu mpangilio wa ukurasa wenyewe, ambao huweka kikosi kinachotarajiwa juu kabisa, kwa herufi zilezile na kwa utulivu uleule unaotumika kwa mambo ya hakika kama umri na muda wa utumishi. Kikosi hicho ni makadirio ya wahariri. Ni makadirio mazuri, yanayofuata jinsi meneja alivyopanga timu siku za karibuni, na kuna ukurasa mwingine unaoonyesha vikosi dhidi ya warushaji wa mkono wa kulia na wa mkono wa kushoto. Hata hivyo meneja hutangaza kikosi halisi saa chache kabla ya mechi, na timu yenye majeruhi wengi hubadilika kila siku: huyu amepumzishwa kwa sababu ya paja, yule amecheza usiku uliopita hadi saa saba, mwingine anapigia mkono wa kushoto na mrushaji wa leo ni wa kushoto. Msomaji asiyejua hayo huchukua orodha ya tisa kama tamko na kuanza kupigana nayo.

Na kusema kweli, sehemu kubwa ya vita vya mpangilio wa wapigaji haistahili damu inayomwagika. Wachambuzi wa takwimu wameonyesha kwa miaka mingi kwamba tofauti kati ya mpangilio mmoja wa busara na mwingine ni mikimbio (pointi za besiboli) michache katika msimu mzima wa mechi 162. Kumhamisha chipukizi kutoka nafasi ya saba kwenda ya pili humpa zamu nyingi zaidi za kupiga ndani ya msimu, hilo ni kweli, lakini uamuzi wa kumpanga au kutompanga kabisa ni mzito kuliko huo mara nyingi. RosterResource ina ukurasa unaofuatilia vikosi vilivyopangwa kila mechi, na kwa maoni yangu ndio ambao mbishi makini angeanza nao, kwa sababu unaonyesha alichofanya meneja badala ya kile ambacho mhariri anafikiri atakifanya. Ukiuona mfululizo wa siku kumi, utajua kama kijana anapewa nafasi dhidi ya warushaji wa mkono wa kulia tu, au kama anakaa benchi siku tatu kisha anatarajiwa apige kama mtu aliyecheza jana.

New York Yankees ya 2019 ni kipimo cha upande wa pili. Msimu ule klabu iliwaweka wachezaji 30 tofauti kwenye orodha ya majeruhi, idadi ambayo haikuwa imewahi kufikiwa na klabu yoyote, na bado ikashinda mechi 103. Miongoni mwa walioumia mapema alikuwa Miguel Andújar, kijana aliyekuwa wa pili katika kura za mchezaji bora mpya mwaka 2018 baada ya kupiga homurani 27. Kila shabiki aliyependa vijana alikuwa na haki ya kudhani kwamba pengo lake lingezibwa na chipukizi mwingine. Lilizibwa na Gio Urshela, mtu wa miaka 27 ambaye Yankees walimchukua kutoka Toronto kwa fedha tu mwaka uliotangulia, na ambaye msimu ulipoanza alikuwa ligi ndogo, hata katika orodha ya 40 hayumo. Alimaliza na wastani wa 0.314 na homurani 21. Mike Tauchman naye, ambaye hakuwa jina la kujivunia popote, alicheza vizuri uwanja wa nje hadi alipoumia mwenyewe.

Naleta mfano huu kwa sababu muundo wa RosterResource unawatendea haki watu kama Urshela kuliko zinavyofanya orodha za chipukizi. Katika orodha za chipukizi mtu wa miaka 27 aliyeachwa na klabu mbili hayupo kabisa. Katika ukurasa wa kikosi yupo, mstari mmoja chini ya wale wa benchi, akiwa na alama inayoonyesha kama yumo au hayumo katika wale 40. Shabiki anayeusoma ukurasa kwa makini huona kwamba kina cha timu kinaundwa na tabaka tatu, yaani nyota, vijana na hawa wa katikati wasio na wimbo, na kwamba timu iliyoandamwa na majeruhi huokolewa na tabaka la tatu mara nyingi kuliko vile watu wanavyopenda kukiri. Mashabiki hawapendi kuwashangilia hawa. Hawana ahadi ndani yao.

Ukurasa wa majeruhi ni mzuri, na ndio ninaoufungua mara nyingi zaidi. Kwa kila mchezaji kuna aina ya jeraha, tarehe aliyowekwa kwenye orodha, tarehe anayoweza kurudi kisheria, na taarifa ya karibuni. Tofauti kati ya mambo hayo mawili ya mwisho ni muhimu sana: tarehe ya kisheria inasema lini anaruhusiwa, haisemi lini atakuwa mzima. Mrushaji aliyewekwa kwenye orodha ya siku 15 kwa maumivu ya mkono wa mbele anaweza kuonekana kana kwamba ataanza mechi wiki mbili zijazo, ilhali kila mfuatiliaji wa mchezo huu anajua maumivu ya sehemu hiyo yanavyoweza kuwa utangulizi wa kiwiko kilichochanika. Upasuaji wa kiwiko unaojulikana kwa jina la Tommy John, ambao Dkt. Frank Jobe aliufanya kwa mara ya kwanza mwaka 1974, humweka mrushaji nje kwa mwaka mmoja au zaidi. Ligi yenyewe ilitoa ripoti mwezi Desemba 2024 iliyohusisha ongezeko la majeraha ya warushaji na mbio za kutafuta kasi na kurusha kwa nguvu zote kila mpira. RosterResource haina nafasi ya kueleza hayo yote na haijaribu. Inarudia kile ambacho klabu imetangaza, na klabu hutangaza kwa lugha ya mwanadiplomasia. Msomaji alete tafsiri yake.

Atlanta Braves ya 2024 inaonyesha jinsi ukurasa huo unavyofanya kazi msimu unapoharibika. Spencer Strider, aliyewatoa wapigaji 281 kwa straiki tatu mwaka uliotangulia, alimaliza msimu wake mwezi Aprili kwa sababu ya kiwiko. Mwezi Mei Ronald Acuña Jr., ambaye mwaka 2023 alipiga homurani 41 na kuiba besi 73, alichana kano ya goti la kushoto, wakati lile la kulia lilikuwa limechanika mwaka 2021. Siku tatu baada ya Acuña kuumia, Braves walimpandisha Spencer Schwellenbach kutoka daraja la Double-A, bila kumpitisha Triple-A. Huyu chuoni Nebraska alikuwa shotistopu, yaani mlinzi wa kati ya besi ya pili na ya tatu, aliyerusha kidogo tu, na katika mechi 21 alizoanza alimaliza na wastani wa kuruhusu mikimbio 3.35 kwa kila vipindi tisa. Shabiki ambaye macho yake yaliishia kwenye mistari ya Triple-A, kama tunavyofanya wengi, hakumwona akija. Hili ni onyo juu ya namna ya kusoma: ukurasa umepanga watu kwa ngazi, na ngazi hufanya wa chini waonekane wako mbali, lakini klabu iliyobanwa huruka ngazi.

Kuhusu vijana wenyewe, RosterResource inaungana na sehemu nyingine ya FanGraphs ambako chipukizi hupewa alama katika kipimo cha skauti cha 20 hadi 80. Hamsini ni mchezaji wa kawaida wa ligi kuu, anayecheza kila siku. Nimeona watu wakilipokea hilo la hamsini kama tusi kwa kijana wao, na hapo ndipo zana hii inapohitaji maelezo marefu zaidi kuliko inayoyatoa. Mchezaji wa kawaida wa ligi kuu ni mtu adimu, na klabu yenye chipukizi watatu wa aina hiyo ina hazina. Alama ile pia ni utabiri wa miaka mingi, haihusu mwezi ujao. Mwanzoni mwa Septemba 2023 Texas Rangers, baada ya goti la Adolis García kuleta shida, walimwita Evan Carter mwenye miaka 21. Alipiga kwa wastani wa 0.306 katika mechi 23, akaendelea hivyo katika mechi za mtoano, na Rangers wakatwaa ubingwa. Mwaka uliofuata mgongo ulimsumbua, akacheza mechi 45 tu. Ni alama gani moja ingeweza kubeba habari hizo zote mbili?

Safu ya muda wa utumishi nayo inastahili aya yake, kwa sababu inagusa jambo ambalo mashabiki hulishuku kwa haki. Siku 172 katika kikosi cha ligi kuu, au katika orodha yake ya majeruhi, hufanya mwaka mmoja, na miaka sita humfanya mchezaji kuwa huru kusaini popote. Klabu ikimchelewesha kijana kwa wiki mbili au tatu za mwanzo, hupata karibu mwaka mzima wa ziada wa kummiliki. Chicago Cubs walimwita Kris Bryant Aprili 17, 2015, akamaliza na siku 171, akalalamika rasmi, na shauri lake likakataliwa mwaka 2020. Makubaliano ya 2022 kati ya ligi na chama cha wachezaji yalijaribu kurekebisha hali hiyo. Chipukizi anayemaliza wa kwanza au wa pili katika kura za mchezaji bora mpya hupewa mwaka kamili hata kama aliitwa baadaye, na klabu inayomwamini kijana tangu mwanzo inaweza kuzawadiwa nafasi ya ziada katika drafti, kama Seattle Mariners walivyopata kwa Julio Rodríguez. Ukiwa na safu hii mbele yako unaweza kutofautisha tuhuma yenye msingi na porojo. Kijana aliyeachwa ligi ndogo hadi katikati ya Aprili, huku majeruhi wamejaa, anatia shaka. Aliyeachwa hadi Agosti na bado anatolewa kwa straiki tatu katika theluthi ya zamu zake ana sababu nyingine.

Sehemu ninayoipenda kidogo kuliko zote ni pale makadirio yanapoingia. FanGraphs huchanganya mifumo miwili ya kukadiria takwimu za wachezaji, ZiPS ya Dan Szymborski na Steamer, kisha wahariri hukadiria kila mchezaji atapata muda gani uwanjani, na matokeo yake huingia katika uwezekano wa timu kufika mtoano, unaosasishwa kila siku. Kazi yenyewe ni ya kitaalamu na imeandikwa wazi. Tatizo ni asilimia inayotoka mwisho. Nyota anapoumia, asilimia hushuka, na shabiki huichukua tarakimu hiyo kama hukumu juu ya chipukizi aliyechukua nafasi, ilhali inachosema ni kwamba kwa wastani mtu wa aina yake hufikia kiwango fulani. Urshela alikuwa wa aina fulani. Mayo alikuwa wa aina fulani, yenye sifa kubwa zaidi. Mimi huruka safu hiyo ninapojadili mchezaji mmoja na kuirudia ninapojadili klabu nzima, ambako makosa ya huyu na yule huelekea kusawazishana.

Washindani wapo, na hakuna anayeziba kila pengo. Baseball-Reference, iliyoanzishwa na Sean Forman, ina ukurasa unaoorodhesha mpangilio wa wapigaji wa kila timu katika kila mechi, miaka mingi nyuma. Kwa ubishi wa kihistoria naiweka mbele ya RosterResource bila kusita, kwa kuwa ukurasa wa kikosi hapa umejengwa kuonyesha hali ilivyo leo. Baseball Savant, ambayo ni mali ya ligi, hutumia vipimo vya Statcast, mfumo wa kufuatilia mwendo wa mpira na wachezaji, vilivyoanza kutumika viwanja vyote mwaka 2015, na ndiko pa kwenda ukitaka kujua kama kijana mwenye wastani mbovu anaupiga mpira kwa nguvu lakini unaangukia mikononi mwa walinzi uwanjani. Tovuti rasmi za klabu hutangaza majeruhi mapema kuliko yeyote, kwa maneno machache kuliko yeyote. Mbishi aliyekamilika atafungua tatu. Anayetaka kufungua moja tu afungue RosterResource, lakini ashuke moja kwa moja hadi nusu ya chini ya ukurasa.

Kwa simu kazi ni ngumu kidogo. Safu ni nyingi, kioo ni kidogo, na tarakimu ile ya misimu ya kushushwa, ambayo nimeisifu kwa maneno mengi, ni rahisi kupotea ukiwa unasogeza jedwali kwa kidole. Vifupisho navyo haviwahurumii wageni. Kwenye kompyuta matatizo hayo hupungua sana. Kurasa za vikosi na majeruhi zinasomwa bila malipo, na uanachama wa kulipia huondoa matangazo na kuruhusu kupakua majedwali. Kwa anayefuatilia timu moja tu, toleo la bure linatosha kabisa hadi Oktoba. Anayesimamia timu ya kubuni pamoja na rafiki zake, au anayeandika kuhusu ligi nzima, atafaidika na kulipa, hasa kwa sababu ya kupakua, maana kulinganisha majeruhi wa klabu 30 kwa kufungua kurasa moja baada ya nyingine ni adhabu ambayo hakuna shabiki anayestahili, hata yule wa timu yenye orodha ndefu kuliko zote.